Chombo Kilichochelewa Miaka Tisa

Mulki alifika Sindo siku ya Jumamosi saa nne asubuhi, na jambo la kwanza alilofanya ni kuziba pua.

Alikuwa ametoka Burao, kwa wafugaji wa ngamia wa kaskazini ya nchi ya Wasomali. Alilala Hargeisa, akalala Nairobi, akalala Migori kwa shemeji yake Noor mwenye duka la vyombo na kamba, na sasa Noor alikuwa amemleta kwa gari lake mpaka mlangoni. Mizigo yake ilikuwa sanduku moja, fimbo moja, na kitu cha mviringo kilichofungwa kwa shuka jeupe, kikubwa kama mtungi wa maji. Noor aliponyoosha mkono akishushe, alichapwa fimbo ya vidole. Mulki aliishika fimbo hiyo kwa mkono wa kushoto, na hakuwa mtu wa kukosea shabaha.

"Hooyo," Hodan alisema. Kwa Kisomali ni mama. Alikuwa ameandaa maneno mengine tangu Jumatano, lakini hilo ndilo peke yake lililotoka.

"Kunanuka," mama yake akajibu.

Hivyo ndivyo walivyosalimiana baada ya miaka kumi na minne.

Ni kweli, kulinuka. Sindo ni mji wa samaki, na nyumba ya Hodan iko hatua mia mbili kutoka ufukweni, ambako asubuhi hiyo nyavu kuukuu zilikuwa zimetandazwa chini na juu yake omena wanaanikwa, wadogo kama kidole cha mtoto mchanga, weupe kama fedha, maelfu kwa maelfu. Theluthi moja ya omena hao ni wa Hodan. Huwanunua alfajiri boti zinapoingia, huwaanika, huwageuza, huwatia magunia na kuwapeleka Migori, na wengine hufika mpaka Kehancha. Wanawake wa uwanja wa kuanika humwita Nyar Burao, binti wa Burao, na wamemwita hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba wateja wengine hudhani Burao ni kijiji kilicho mahali fulani baada ya Kisegi.

Kwa mama yake kazi hiyo haikuwa kazi. Kwa wafugaji wa ngamia, samaki si chakula, ni tusi. Watu wakigombana jangwani na mmoja akaishiwa na maneno, humwambia mwenzake asiseme naye kwa mdomo unaokula samaki. Mulki alikuwa ameyatumia maneno hayo mara nyingi ujanani, wala hakuwahi kufikiri kwamba siku moja yatamhusu mwanawe.

Halafu kulikuwa na jambo la Hemed.

Hodan alikuja Kenya akiwa na umri wa miaka ishirini, kumsaidia baba yake mdogo, Noor, dukani Migori. Miongoni mwa wateja alikuwapo kijana Mjaluo Mwislamu, mzaliwa wa Kendu Bay, fundi wa kushona nyavu, aliyekuja kila wiki kununua nyuzi za nailoni. Baada ya miezi minane Noor aligundua kwamba hakuna fundi duniani anayetumia nyuzi nyingi kiasi hicho. Baba yake Hodan alikuwa amekwisha kufa, hivyo Noor ndiye aliyesimama kama walii, akaozesha. Mulki aliambiwa kwa simu, ndoa ikiwa imefungwa siku tatu nyuma. Alisema, "Mungu awape kheri," akakata.

Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Tangu hapo walizungumza kila Ijumaa, kama watangazaji wa hali ya hewa. Huku imenyesha. Huko haijanyesha. Ngamia hawajambo. Mtoto hajambo. Jina la Hemed halikutajwa hata mara moja.

Kwa hiyo Mulki alipotangaza kwamba anakuja kwa siku nane, Hodan alijiandaa kama mtu anayengoja mkaguzi. Alipaka ukuta rangi. Alinunua masufuria mapya Migori, matatu, ambayo hayajawahi kuona samaki hata kwa mbali. Alimtafuta mbuzi aliyenona. Mchana ule wa kwanza akatandika mkeka, akaweka wali, nyama na ndizi, akamwambia binti yake Fardowsa, wa miaka minane, amkaribishe bibi yake kwa Kisomali.

"Karibu ule, ayeeyo," mtoto akasema.

Mulki alimbusu mjukuu kwenye paji la uso. Kisha akayatazama masufuria.

"Mapya," alisema.

"Mapya, hooyo. Hayajapikiwa samaki."

"Maji ya kupikia umeyatoa wapi?"

"Ziwani."

"Na samaki wanaishi wapi?"

Mulki alifungua sanduku lake, akatoa mfuko wa tende, akala saba, akanywa maji ya chupa na kumshukuru Mungu kwa sauti.

Caren, jirani wa Hodan, aliyekuwa ameingia na bakuli la karanga, aliyaona yote hayo kutoka mlangoni. Caren ni mwanamke mnene, msimamizi wa uwanja wa kuanika, na sauti yake hutangulia kufika popote anapokwenda. Alimvuta Hodan nje.

"Mama amekataa kula?"

"Amekataa."

"Yawa!" Caren alishika kifua. "Hiyo ndiyo mama! Hiyo ndiyo maro ya ukweli! Yangu mimi ilikuja siku mbili, ikamaliza kuku tatu kwa nyumba ya mkwe, mpaka saa hii bwanangu hunicheka. Yako imetoka mbali hivyo na bado inajua chik!"

Chik ni sheria za kale za Wajaluo, na maro ni mama mkwe. Sheria husema maro hali nyumbani kwa mkwe wake, halali chini ya paa moja naye, na wawili hao hawatazamani machoni. Kadiri wanavyoepukana, ndivyo wanavyoheshimiana. Kufikia jioni uwanja mzima ulikuwa umepata habari kwamba mama yake Nyar Burao ni mwanamke wa heshima isiyo ya kawaida.

Hodan hakumtafsiria mama yake neno hata moja. Angeanzia wapi?

Upande wake Hemed alikuwa amefanya yote yaliyompasa. Ijumaa, kabla mgeni hajafika, alibeba godoro lake na kuhamia kwenye banda lake la nyavu ufukweni. Uislamu wake na Ujaluo wake havijawahi kugombana, na juu ya suala la mama mkwe vilikubaliana kabisa. Kila asubuhi alituma kitu nyumbani kwa mkono wa Caren: jogoo hai, kiti cha mbao chenye mto, chandarua kipya cha kitanda. Ilipombidi kupita karibu, alipita akiinamisha macho, asione zaidi ya miguu na mikono. Na Mulki alipojitokeza ufukweni bila taarifa siku ya Jumapili kutazama huo uvundo unatoka wapi, Hemed, mwanamume wa miaka arobaini na futi sita, alijitupa nyuma ya boti iliyopinduliwa na kubaki hapo mpaka mama mkwe alipokwenda zake. Wavuvi waliokuwapo walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mkwe anajua kazi yake.

Kosa lilikuwa la Hodan, na hakuliona. Alikuwa amekaa Sindo mpaka akasahau kwamba mambo ya Sindo yanahitaji kuelezwa.

Jumapili hiyohiyo mchana, mama yake akiwa anaswali, Hodan alifagia chumba cha wageni. Ufagio uligonga kitu chini ya kitanda. Shuka jeupe lilikuwa limelegea upande mmoja, na Hodan akapiga magoti, akalifunua kidogo.

Alikijua chombo kile kabla hajakiona chote. Wasomali wa kaskazini hukiita xeedho. Ni chombo cha mti, kimevalishwa ngozi, vitambaa na simbi kama bibi harusi, na kimezungushiwa ukamba mmoja mrefu uliosukwa na kukazwa kwa ustadi hata mwisho wake usionekane. Ndani huwa kumejazwa nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikaanikwa, ikakaangwa na kuzamishwa ndani ya samli yenye iliki, na juu yake tende zilizopondwa. Mama wa bibi harusi ndiye anayekitengeneza. Siku ya saba baada ya harusi wanaume wa upande wa bwana hukalishwa mbele ya watu na kutakiwa kuutafuta mwisho wa ukamba na kuufungua, bila kisu na bila nguvu. Wakiweza, mama amekubali. Wakishindwa, ni aibu ya ukoo.

Mama yake alikuwa amekitengeneza. Miaka tisa baadaye alikuwa amekata nyama, amekaanga, amefunga, amekipakata kwenye ndege mbili. Na sasa kilikuwa chini ya kitanda, na hakuna aliyeambiwa.

Hodan alilirudisha shuka lilivyokuwa. Tangu saa hiyo hakuwaza jambo jingine. Chombo kile kitatoka chini ya kitanda, au kitarudi Burao kilivyo. Na kikirudi, hakitakuja tena.

Jumatatu Mulki alikula tende. Jumanne alikula tende na biskuti, akamfundisha Fardowsa nyimbo za kunyweshea ngamia, na mtoto akawa anaziimbia bata wa Caren. Kila alipopita njiani, wanawake wa uwanjani waliacha kazi na kumwinamia. "Maro, oyaore!" walimsalimu. Aliwaitikia kwa kichwa, uso mkavu. Aliona kwamba wanamcheka.

"Mumeo yuko wapi?" alimwuliza Hodan Jumanne jioni.

"Ana kazi nyingi, hooyo."

Lilikuwa jibu baya kuliko yote yaliyowezekana.

Jumatano asubuhi Hodan alirudi kutoka ufukweni na kumkuta mama yake anafunga sanduku. Shuka jeupe lilikuwa limefungwa upya, mafundo mawili, na kilichomo kimewekwa karibu na mlango.

"Mpigie Noor aje anichukue," Mulki alisema. "Nimeona nilichokuja kuona."

"Bado siku tatu."

"Ningekaa hata mwezi kama ningekuwa na mtu wa kukaa naye. Umejaza nyumba samaki, umejaza nguo samaki. Mjukuu wangu anazungumza na bata. Miaka kumi na minne unakula kitu ambacho babu yako asingekikanyaga."

Pengine ilikuwa ni kwa sababu ya kuamka alfajiri, au ya kukiona chombo kile mlangoni. Hodan alitua karai lake sakafuni kwa kishindo.

"Na wewe miaka saba unakunywa maziwa yake!"

"Maziwa ya nani?"

"Ya samaki! Ule ukame ulipomaliza mifugo yote, ukabaki na fimbo tu, yule jike mwekundu alitoka wapi? Na wale wawili wa mwanzo?"

"Ulituma wewe."

"Nilituma nini, hooyo? Niliwaanika omena, nikawauza omena, ukanunua ngamia. Ngamia wako wote wamezaliwa hapa Sindo, juu ya nyavu."

Nje jogoo wa Hemed, ambaye Mulki alikuwa amekataa achinjwe, aliwika bila sababu.

"Ndiyo maana," Mulki alisema mwishowe, "yule mwekundu haogopi maji."

Hakutabasamu. Lakini Hodan alikuwa amelelewa na mwanamke huyu, na alijua mzaha ulipokaa. Kicheko kilimtoka bila kukusudia.

"Usicheke, sijamaliza," mama yake alisema. "Samaki nimeshamwelewa. Sasa nieleze mumeo. Siku tano niko kwake na hajaja kunisalimu. Kwetu mkwe huja, hata kama hanitazami, husimama mlangoni akasema neno. Wako ananiona, anakimbia. Jumapili alilala kifudifudi nyuma ya boti, nilimwona visigino. Amehama nyumba. Mwanamume anayehama nyumba mama mkwe akija ana kitu anachoficha. Ana mke mwingine?"

Hapo ndipo Hodan alipokaa kitandani, akajipiga paji la uso.

"Hooyo. Anajificha kwa heshima."

"Nyuma ya boti?"

"Nyuma ya boti."

"Na kuhama?"

"Haruhusiwi kulala paa moja na wewe. Ingekuwa kukutukana. Ule mto wa kiti aliushona mwenyewe. Anamwuliza Caren kila siku kama umeukalia."

Mulki alikitazama kiti. Alikuwa amekiwekea sanduku.

"Na huyo Caren mwenye sauti?" aliuliza polepole. "Na wale wanawake? Wananiinamia na kusema maneno, kisha wanatazamana. Wananicheka."

"Wanakusifu."

"Kwa lipi?"

"Kwa kukataa kula. Kwao mama mkwe mwenye adabu hali chakula cha mkwe. Caren anasema hajawahi kuona mwenye msimamo kama wako. Kuna wanawake pale uwanjani wamewapigia mama zao simu wakawaambia waige mfano wako."

Mulki alimgeukia binti yake.

"Hebu nielewe vizuri," alisema. "Nimeshinda na tende siku tano, tumbo limekuwa kama jiwe, ili niwaudhi. Na wao wananipigia makofi?"

"Ndiyo, hooyo."

"Hata mmoja hakuudhika?"

"Hata mmoja."

Kicheko cha Mulki kilianzia mabegani. Alijaribu kukizuia kwa ncha ya shela yake, kikamshinda, akaketi sakafuni kando ya karai la omena akicheka mpaka machozi yakamtoka, na kila alipotulia alisema "siku tano!" na kuanza tena. Hodan aliketi naye. Hakumbuki mara ya mwisho walipocheka pamoja. Anadhani ilikuwa siku ngamia alipokula kofia ya shehe.

Alipopata pumzi, Mulki alijivuta mpaka mlangoni na kufungua mafundo mawili ya shuka.

"Kesho kutwa ni siku ya saba tangu nifike," alisema. "Mwite huyo mvuvi wako."

"Si mvuvi. Anashona nyavu."

"Mwite huyo mshonaji."

"Haji, hooyo. Hawezi kukaa nawe mahali pamoja. Ni chik."

Tatizo hilo lilipelekwa kwa Caren, na Caren alilimaliza kabla hajameza karanga alizokuwa akitafuna. "Chik inasema wasionane uso kwa uso," alisema. "Tutaweka pazia." Pazia zito lingemzuia Mulki kuusimamia mchezo, na shuka lingepeperuka. Kwa hiyo Ijumaa baada ya swala, uani kwa Hodan, Hemed mwenyewe alitundika wavu mmoja wa samaki, safi, wa matundu madogo, kutoka pembe ya nyumba mpaka mti wa kuanikia nguo. Mulki alikaa upande huu juu ya kiti chenye mto. Wanaume walikaa upande wa pili. Chombo kiliwekwa katikati, chini ya ukingo wa wavu. Watu wa uwanja wa kuanika walikuja wote, na wengine wasiojulikana walitoka wapi.

Hodan alieleza masharti kwa Kiswahili. Kutafuta mwisho wa ukamba. Hakuna kukata. Hakuna kuvuta kwa nguvu. Anayegusa pasipostahili atachapwa fimbo na mama.

"Hiyo ya mwisho rudia," alisema Cliff, fundi wa mashine za boti, aliyejitolea kuanza. Alikunja mikono ya shati, akakizungusha chombo, akaona uzi uliojitokeza, akauvuta. Fimbo ilipita chini ya wavu kama nyoka. Cliff aliruka.

"Pole, inginia!" Caren alipaza sauti. "Hiyo haina plagi!"

Benard, nahodha wa boti, alisema mafundo ni kazi ya wanamaji, wala si ya watu wa grisi. Alichapwa mara tatu. Cephas, mdogo wake Hemed aliyetoka Kendu Bay asubuhi hiyo, alijaribu kukitikisa kwanza asikilize, akachapwa kwa kutikisa, kisha kwa kucheka. Wanawake walipiga vigelegele kwa kila fimbo. Mulki, ambaye hakuelewa Kijaluo wala Kiswahili, alielewa kila kitu, na alikuwa ameanza kuchapa hata kabla watu hawajakosea.

Lakini saa nzima ilipita na ukamba haukulegea hata mkunjo mmoja. Hodan aliinama sikioni mwa mama yake.

"Hooyo, umeukaza mno. Wape dalili kidogo."

Mulki hakugeuka. "Siwezi."

"Kwa nini?"

"Niliufunga nikiwa na hasira. Mara mbili nilifungua nikafunga tena. Hata mimi sikumbuki mwisho uko wapi."

Hodan alimtazama mama yake na kuona kwamba naye anaogopa jambo lilelile. Wakishindwa hapa, mbele ya watu, chombo hakiwezi kufunguliwa kwa huruma. Kitarudi.

Sasa zamu ilikuwa ya Hemed. Alikaa mbele ya chombo, macho chini, mikono juu ya magoti. Hakugusa kitu. Alikitazama jinsi anavyotazama wavu uliochanwa na mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, akifuata uzi kwa jicho, unapopita juu, unapozama. Watu walianza kunong'ona. Cliff alisema huyu ataanza kesho.

"Hodan," Hemed alisema bila kuinua kichwa. "Mama hufanya kazi kwa mkono wa kushoto, sivyo?"

Hodan alishtuka. "Umejuaje?"

"Siku saba sijaona uso wake. Mikono nimeiona."

Akakigeuza chombo, kitako chake upande wa Mulki, akaanza kusoma ukamba kutoka upande ambao hakuna mtu alikuwa amefikiria, kama mtu anayevaa koti la mwenzake kinyumenyume. Kidole chake kilitembea. Kilisimama mara mbili na kurudi. Mulki aliinua fimbo, akaiacha hewani. Chini ya simbi kubwa, karibu kabisa na shingo ya chombo, kidole kiliingia, kikasukuma, na ncha ya ukamba ikatoka, fupi, iliyochakaa.

Hakuivuta. Aliilegeza, akairudisha ilikotoka, akafungua mkunjo mmoja, kisha wa pili, polepole, jinsi Mulki alivyofunga, kinyume chake. Ukamba wote ulipoanguka mapajani mwake, aliukunja vizuri, akausukuma chini ya wavu kwa mikono miwili mpaka kwa Mulki.

Caren alipiga kigelegele kilichosikika boti zilikofungwa.

Kifuniko kilifunguliwa, na harufu ya samli na iliki ikatoka. Kwa muda mfupi ua ule haukunuka Sindo. Ulinuka jiko la utotoni mwa Hodan. Mulki alipasua tende zilizopondwa, akachota nyirinyiri kwa mkono wa kulia, akamtia binti yake mdomoni kama mtoto. Kisha akachota tena, akaweka kwenye kiganja cha Hodan.

"Mpe."

Hodan aliupitisha mkono chini ya wavu, na Hemed akala.

"Sasa neno moja," Caren alisema, na watu wakatulia, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa jaji wa chik siku hiyo. "Maro hali chakula ya mkwe. Lakini hii chakula ni yake, ameibeba mwenyewe. Kwa hivyo anaweza kula. Nimeamua."

Hodan alitafsiri. Akaingia ndani, akatoka na sahani, wala si mpya kama yale masufuria; aliichukua iliyokuwa juu. Mulki aliipokea, akaigeuza, akaitazama chini na juu.

"Hii imewahi kubeba samaki?"

Hodan angeweza kusema hapana.

"Imebeba, hooyo. Jana."

Mulki alivuta pumzi kupitia pua, kwa mara ya kwanza tangu afike. Akaweka nyama sahanini, akala, akaongeza, akaomba na wali. Alikula sahani mbili, na hakuna aliyemwambia kwamba wali ulikuwa wa mkwe. Caren aliamua kutazama pembeni.

Jumapili Noor alikuja na gari. Sanduku liliingia, fimbo ikaingia. Chombo kilibaki, kitupu, juu ya kabati la Hodan, na mahali pake Mulki alibeba bunda la nyuzi nene za nailoni ambazo Hemed alikuwa amezituma kwa mkono wa Fardowsa. Alizijaribu kwa meno, akazivuta kwa goti, akasema zitafaa kufungia mizigo ya ngamia.

Kabla hajapanda, alisema anataka kumuaga mkwewe vizuri. Hili nalo lilihitaji mpango. Hemed alisimama kwenye lango akitazama ziwa. Mulki akasimama hatua mbili nyuma yake akitazama barabara. Mgongo kwa mgongo, wakiwa na Fardowsa katikati, kichwa kikigeuka huku na huku.

"Mwambie baba yako," Mulki alisema, "mto ni mzuri, lakini ni mgumu upande mmoja."

Mtoto alitafsiri. Hemed alifikiri.

"Mwambie bibi nitaushona upya kabla hajaja tena."

Mtoto alitafsiri. Mulki alipanga shela yake kichwani.

"Mwambie aushone haraka," alisema, akapanda garini.